Nilivyouza matandiko ya farasi ng'ambo bila kulizwa

Mimi ni fundi ngozi, niko Ngarenaro, Arusha. Viatu na mikoba ndivyo vinavyolisha nyumba, lakini kwa miaka mingi nimekuwa pia nikishona na kukarabati matandiko ya farasi kwa watu wa Usa River na Kisongo. Mmoja wao alipofunga zizi lake na kurudi kwao, deni langu alilipa kwa vitu: matandiko ya Kiingereza na ya Kijerumani, hatamu, lijamu na vikuku vya kupandia. Vyote vimetumika, ila ngozi bado nzima. Hapa kwetu wanaopanda farasi ni wa kuhesabu, na wengi wao wanavyo tayari. Soko liko ng'ambo. Binti yangu akapiga picha, akaandika tangazo kwa Kiingereza, akaliweka mtandaoni.

Waliotangulia kuandika karibu wote walikuwa matapeli. Wa kwetu tumewazoea, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wenye haraka na wasiojua hata jina lako. Hawa wa ng'ambo wana subira na adabu. Wanasalimia, wanakuulizia familia, wanakuombea baraka. Mimi binti yangu alikuwa ananisomea tu, na ndiye aliyeshtuka kwanza: "Baba, huyu mbona hajauliza chochote kuhusu tandiko lenyewe?"

Hapo nikaona pa kuwashikia. Tandiko ni kama kiatu kinachovaliwa na wawili: lazima limkae mpandaji na limkae farasi. Kiti chake hupimwa kwa inchi, kuanzia kwenye msumari ulio ubavuni mwa kichwa cha tandiko, yaani ule mwinuko wa mbele, hadi katikati ya ukingo wa nyuma, na watu wazima wengi hutaka 17 au 17 na nusu. Ndani kuna kiunzi, cha mbao au cha plastiki, nacho kina upana wake. Kikiwa chembamba kinambana farasi mabegani. Kikiwa kipana mno kinashuka na kumkalia uti wa mgongo. Mwenye farasi halisahau hilo. Basi mtu akiniandikia "bei sawa, hali sawa, nipe jina kamili na namba ya akaunti" bila kuuliza upana, najua hana farasi.

Nikawa nauliza mimi. Mgongo wa farasi wako ni mpana au mwembamba? Unaruka vizuizi, au unafanya dresaji, ule mchezo wa kumwendesha farasi kwa hatua za madaha? Maana la kuruka mabawa yake, zile ngozi pana za ubavuni, yamesogea mbele, la dresaji yananyooka chini. Mmoja akajibu kwamba ni zawadi ya kumshtukiza bintiye na farasi ni "wa kawaida". Mwingine akasema atafurahi kupata la kahawia kama la kwenye picha. La kwenye picha ni jeusi tii.

Mmoja nilimwacha aendelee nione anakoelekea. Tandiko nilikuwa nimeliandika dola 400. Akasema atatuma hundi ya Marekani ya dola 1,900, na kile kilichozidi nimtumie msafirishaji wake kwa Western Union, ndipo aje kuchukua mzigo. Mtego wote uko hapo. Hundi ya nje inaweza kuchukua wiki kadhaa kuthibitishwa, na hata benki ikikupa fedha mapema, hundi ikirudi kuwa ni ya kughushi deni linakuangukia wewe. Zile ulizomtumia "msafirishaji" zimeshachukuliwa zamani, na hutampata. Nilimwambia nalipwa bei kamili, si senti zaidi. Hakujibu tena.

Kuna waliotuma barua pepe yenye nembo ya benki, ikidai fedha zimeshalipwa ila zimezuiwa hadi nitume namba ya kufuatilia mzigo. Benki haifanyi kazi hivyo, na ile anwani yenyewe ilikuwa ya barua pepe za bure. Mwingine alitaka nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu, eti athibitishe mimi si tapeli. Hizo ndizo za kukunyang'anya WhatsApp.

Lakini kusema kweli, kazi kubwa haikuwa kuwafukuza hao. Ilikuwa kuwashawishi wanunuzi wa kweli kwamba tapeli si mimi. Mtu wa Ulaya akiona tangazo kutoka Tanzania moyo unamdunda, na simlaumu. Kwa hiyo kila picha tuliweka karatasi yenye jina langu na tarehe, ili hata mtu akiiba picha asiweze kuuzia wengine. Na nikakubali kupigiwa simu ya video. Kwenye video naegemeza kichwa cha tandiko pajani, navuta ukingo wa nyuma kuelekea kwangu. Kiunzi kilichovunjika hulia, au kiti kinajikunja katikati. Anayejua farasi akishaona hivyo anatulia.

Mama mmoja wa Australia ndiye aliyenichosha kuliko wote. Alitaka kuona mishono, namba ya kiwandani chini ya bawa, pamba za upande wa chini. Kisha akataka nisafishe hadi kwenye mikunjo, kwa sababu wakaguzi wa kwao hawataki udongo, mbegu wala manyoya kwenye vifaa vya farasi vilivyotumika. Nikafanya kwa mswaki. Gharama ya usafiri tukaibishania kwelikweli: kampuni za mizigo ya ndege hupiga urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, zikagawa kwa 5,000, hivyo sanduku la 60 kwa 50 kwa 50 linalipiwa kilo 30 ingawa tandiko lina kilo saba. Tapeli hajawahi kunilalamikia gharama ya usafiri. Mwishowe tukaenda EMS, huduma ya vifurushi vya haraka ya posta, pale posta karibu na Mnara wa Saa.

Malipo nilidai yaje kwenye akaunti yangu ya dola, na ada zote abebe anayetuma, maana bila hivyo benki za katikati hukata chao. Alinitumia picha ya karatasi ya SWIFT, ile ya benki kuonyesha fedha zimetumwa nje, nikamshukuru, sanduku likabaki wazi. Karatasi hizo hughushiwa. Nilifunga kamba siku mhudumu wa benki aliponiambia fedha zimo, si kwamba zinakuja.

Miezi michache baadaye alirudi kutaka lijamu. Safari hiyo hakuomba video. Mimi benki nilisubiri vilevile.