Saa za ufunguo katika masoko ya Lubumbashi

Hapa Lubumbashi saa za zamani za ufunguo, zile zinazoendeshwa na kamani (springi) badala ya betri, hazitafutwi madukani. Hulala juu ya vitambaa vilivyotandikwa chini pembezoni mwa soko la Kenya, mtaa wa mji huu, zimechanganyika na vitasa, rimoti za televisheni na miwani ya kusomea, na mara nyingi muuzaji mwenyewe huziona kama vyuma vilivyokufa. Mimi naziona kama kazi ya mikono ya watu ambayo bado haijaisha, na raha ya kuzitafuta huanzia pale unapoinama, ukaokota moja na kuisogeza sikioni.

Inayopatikana kwa urahisi ni Seiko 5, saa ya Kijapani iliyoanza kuuzwa mwaka 1963. Nyingi za zamani hazitiwi ufunguo kwa vidole; ndani yake mna kipande kizito cha nusu duara kinachozungushwa na mwendo wa mkono na kuikaza kamani. Ukiambiwa kwamba imekufa, itikise kwanza taratibu, kwani huenda haina ugonjwa wowote ila kukosa mvaaji. Namba iliyochongwa mgongoni nayo ina habari: tarakimu ya kwanza ni ya mwaka na ya pili ni ya mwezi, ingawa muongo wenyewe utaujua kwa aina ya mashine iliyomo.

Hata hivyo, nazipenda zaidi zile za Uswisi. Fundi saa ninayemtembelea Kamalondo hubana kioo cha kukuzia jichoni, akaingiza ncha ya kisu ukingoni mwa mfuniko, nao ukaachia kwa mlio mdogo. Chini ya mafuta yaliyoganda huonekana vito vyekundu vya yakuti ya kutengenezwa, ambamo ncha za mihimili ya magurudumu huzunguka, kwa sababu jiwe hilo haliliki upesi kama chuma. Mashine ikishasafishwa na kutiwa mafuta mapya, gurudumu la mizani huanza kwenda na kurudi, mapigo 5 kwa sekunde, yaani 18,000 kwa saa moja. “Sikia, papa, imeamka,” fundi huniambia, na sijawahi kuyazoea maneno hayo.

Liko jambo moja linalozifanya saa hizi zituhusu sisi watu wa Katanga kuliko wengi wanavyodhani. Namba na mishale ya saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu, metali yenye mionzi, ili zing’ae gizani. Madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe mwaka 1915, na kuanzia mwaka 1922 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilitoa radiamu kutokana na madini hayo katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, hata ikawa muuzaji mkuu wa radiamu duniani kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo, saa ya Uswisi ya wakati huo inayookotwa leo sokoni kwetu huenda imebeba chembe iliyochimbwa karibu na Likasi, na kila nikiishika nawakumbuka waliochimba. Saa za namna hiyo zisifunguliwe nyumbani. Mng’ao wake umefifia kwa kuwa kemikali iliyokuwa ikiwaka imechakaa, lakini radiamu yenyewe hupungua kwa nusu baada ya miaka ipatayo 1,600, na vumbi la rangi hiyo likivutwa au kumezwa ni hatari.

Siafiki desturi ya kuupaka uso wa saa rangi mpya ili ivutie wanunuzi. Uso uliopauka kwa jua la miaka mingi una thamani kuliko uliofutwa historia yake, na wakusanyaji wengi duniani wanakubaliana na hilo.

Kwa sasa natafuta saa ya mfukoni ya Roskopf, yule fundi wa La Chaux-de-Fonds aliyekusudia kumtengenezea mfanyakazi wa kawaida saa imara ya faranga 20, na ambaye saa yake ilitunukiwa medali mjini Paris mwaka 1867. Kama mzee wako wa Katuba au Kenya ameihifadhi moja kabatini, nitashukuru kuonyeshwa, hata kama haiuzwi.