Ubani wa Acheh

Desemba 26, 2004 ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, na kwa vijana wa Temeke sikukuu ilikuwa haijawa sikukuu mpaka uvuke na pantoni ukaogelee Kigamboni, uwe Mkristo uwe Muislamu. Mi siku hiyo nilikuwa dukani kwa mjomba. Mtoto wa jirani yetu alienda na wenzake, akaletwa jioni maiti. Wenzake walisema bahari ilijivuta ghafla mchanga ukabaki wazi alaf maji yakarudi kwa nguvu ambayo hawajawahi kuiona. Tanzania nzima walikufa watu kama kumi hivi, wengi walikuwa wanaogelea hapahapa Dar.

Hakuna aliyeelewa kimetokea nini mpaka redio zilipoanza kusema usiku. Tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, alfajiri ya kwetu kama saa kumi hivi, ukubwa wake 9 na zaidi, na mawimbi yake, ndo sunami hiyo, yakakata Bahari ya Hindi yote yakatufikia mchana. Yani masaa kama nane au tisa! Hilo linaniuma mpaka leo, Kenya polisi waliwahi kuwatoa watu ufukweni akafa mtu mmoja tu, lakini bahari hii yetu wakati ule haikuwa na mfumo wa kutoa tahadhari kama waliokuwa nao wa Pasifiki, kwa hiyo watoto wakaingia majini kama kawaida.

Tukazika Jumatatu. Mi nilikuwa nimemaliza fomu foo na mwandiko wangu unasomeka, nikapewa daftari la ubani, nikakaa chini ya turubai naandika jina na kiasi, jina na kiasi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni yenye tivii, ikifika saa ya taarifa ya habari wanaume wanavuka kwenda kuangalia. Ndo tukaiona Banda Aceh, mji mkuu wa jimbo la Acheh kule Sumatra. Msikiti wao mkubwa wa Baiturrahman umesimama, pembeni yake mji hakuna, mbao, magari yamepinduka na watu wamelala humohumo kwenye matope. Kila siku idadi inapanda, mara elfu kumi, mara elfu hamsini, mpaka mwisho wake ikaja kuwa kama 230,000 nchi 14, Indonesia peke yake kama 170,000, Sri Lanka zaidi ya 35,000, na hapa jirani Somalia karibu 300, wengi wa kule Hafun.

Siku ya tatu ya msiba baba wa marehemu alirudi kutoka saluni akakaa pembeni yangu, mzee mkimya sana yule, akaniambia, "Mwanangu, fungua ukurasa mwingine, andika juu Acheh."

Nikamuuliza, "Acheh ya nini mzee?"

"Wale wamefiwa siku moja na mimi, na maji ni hayohayo. Mi mwanangu nimemuosha, nimemkafini, nimemzika, watu mmekuja mmenikalia matanga. Wao wanazikwa na katapila. Mtu akifiwa anaendewa, sasa mi huko sitafika, basi ubani ufike."

Akatoa kwenye ubani wake mwenyewe, ule tuliompa sisi, akaniambia niandike.

Kaka yake hakupenda na alisema wazi, kwamba una watoto shule zinafungua Januari, ada hujui itatoka wapi, na huko mataifa makubwa yatapeleka mandege. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anamuonea huruma mdogo wake. Mzee akamjibu, "Wapeleke cha kwao kaka, na mi cha kwangu."

Baada ya hapo ukurasa ulijaa, sijui niseme vipi. Muuza kahawa akatoa. Kina mama kule ndani walimtuma mtoto na hela zimefungwa kwenye pindo la kanga, majina hawataki yaandikwe. Mama mmoja wa Kichaga mwenye genge, Mkatoliki, akaenda kutangaza kwenye jumuiya yake, akarudi jioni na mfuko wa sarafu za 100 na 200, akasema shikamoo mzee, hizi za Acheh na hizi zako. Nimekuja kusoma baadaye kwamba dunia ilichangia zaidi ya dola bilioni 13 kwa ile sunami na sehemu kubwa ilitoka kwa watu wa kawaida tu, na mi kila nikiiona hiyo namba najua Temeke imo hata kama hakuna aliyeihesabu.

Tulipeleka wenyewe, mi na mzee, ubalozi wa Indonesia kule Upanga. Kulikuwa na kitabu cha rambirambi mezani. Mzee alisoma madrasa tu, akaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama wazee wengi wa pwani, na yule ofisa wa Kiindonesia akainama akaanza kuisoma kwa sauti polepole, herufi anazijua, maneno hayajui, alipofika kwenye Inna lillahi akasimama na mkono kifuani. Akauliza kwa mkalimani risiti aandike jina la taasisi gani. Mzee akasema, "Andika wafiwa wa Temeke."

Alaf akauliza swali lake, wale waliozikwa bila kuoshwa ni wengi? Ofisa akasema ni wengi, na wengine hata majina yao hayajulikani. Mzee akatikisa kichwa, tukatoka.

Arobaini ya kijana ilipofika, kabla shehe hajaanza, mzee alisimama akasema khitma hii ni ya mwanawe na ya wale wa Acheh wasiojulikana majina, na waliofia baharini Somalia. Juzuu zikagawiwa, tukasoma, na pilau safari hii kaka yake ndo aliyelipia.