Kutengeneza metadata ya makala za Kiswahili kwa skripti

Metadata ni taarifa fupi kuhusu makala, zinazosomwa na mitambo ya kutafuta na programu za kutuma viungo. Tovuti ninayoitunza ina mamia ya makala za ufugaji, zote faili za Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za kuonyesha vichwa na viungo. Niliandika skripti ya Python inayozipitia kila tovuti inapojengwa na kujaza maelezo mafupi, tarehe, picha ya kiungo (inayoonekana kiungo kikitumwa) na lebo. Alichoandika mwandishi mwenyewe hakiguswi. Skripti hujaza palipoachwa wazi tu.

Maelezo mafupi yanatoka kwenye aya ya kwanza, nikishaondoa alama za Markdown. Waandishi wengi huanza na salamu, kwa hiyo aya yenye maneno chini ya 12 nairuka, la sivyo makala ishirini zitajitambulisha kwa "Karibu tena mpenzi msomaji". Nakata kwenye herufi 155, lakini si kwa kuhesabu tu: "ng'ombe wasiochanjwa" waliwahi kubaki "ng'ombe wasio". Sasa narudi nyuma hadi mwisho wa sentensi, na kama hapo hazijafika herufi 90, narudi hadi nafasi ya mwisho kati ya maneno na kuweka nukta tatu.

Ritifaa, ile alama ya ' kwenye "ng'ombe", ilinisumbua zaidi. Kiolezo cha HTML cha kurasa kilikuwa kimefunga maelezo kwa alama moja ya nukuu, content='...', na kivinjari kikikutana na "Ng'ombe" kinaona maelezo yameishia pale. Kiungo kikitumwa WhatsApp, chini ya kichwa palisomeka "Ng" basi. Tumia alama mbili ("...") na upitishe kila kitu kwenye html.escape, kitendakazi cha Python kinachogeuza alama kama hizo zisivunje HTML. Kisha badilisha ritifaa iliyopinda, ile inayowekwa na simu nyingi, iwe iliyonyooka. Usipofanya hivyo ng'ombe mmoja anahesabiwa kama maneno mawili.

Lebo ndizo zilizotaka kazi. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haitumii lebo ya HTML ya "keywords" (maneno muhimu) kupanga matokeo ya utafutaji, kwa hiyo zangu ni za kuunganisha makala zinazofanana. Kuhesabu maneno yanayojirudia kulileta "kwa", "ya" na "hii". Nilipoyachuja hayo, bado "anakamua", "hawakamui" na "alikamuliwa" yalihesabiwa kama mambo matatu tofauti. Nikajaribu kukata viambishi vya mwanzo. "Kukamua" ikawa "kamua" vizuri, ila "kuku" akawa "ku", na hiyo ni tovuti ya mifugo! Kanuni za lugha nyingine hazitoshi hapa, Kiswahili kinajenga neno kuanzia mbele na nyuma. Nikaacha kubahatisha, nikaandika orodha ya lebo 60, kila moja na mzizi wake. Ya ukamuaji inatafuta "kamu" popote ndani ya neno, isipokuwa "kamusi". Ni kazi ya jioni mbili, na inafaa kila dakika yake.

Tarehe usiichukue kwenye faili lenyewe, maana ukinakili hazina ya Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili) mahali papya faili zote zinapata tarehe ya siku hiyo. Ninaisoma kwa git log --follow --diff-filter=A --format=%aI. Kwenye GitHub Actions, huduma inayojenga tovuti yenyewe, weka fetch-depth: 0 katika hatua ya checkout, bila hiyo inashushwa historia ya badiliko la mwisho tu, na makala zote zinaonekana zimezaliwa pamoja.

Anwani ya picha ya kiungo iandikwe nzima kuanzia https, si /picha/mbuzi.jpg.

Mwisho, skripti inasimamisha ujenzi wa tovuti ikikuta makala mbili zenye maelezo yaleyale, na inataja majina ya faili zote mbili.