Okidi ndani ya nyumba Tabora: jua, neti na baridi ya Juni

Okidi ninazozitunza ni Phalaenopsis, zenye majani mapana na manene. Kwao ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako hushikilia magome ya miti chini ya kivuli. Zinapenda mwanga mwingi, ila jua kali la moja kwa moja huziunguza. Hapa Tabora mwanga si wa kutafuta. Kazi ni kuupunguza makali.

Maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni ni ya watu wa Ulaya na Marekani, nao husema weka ua karibu na dirisha la kusini. Sisi tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini; miezi iliyobaki linahamia kusini. Ndiyo maana nimetegemea dirisha la mashariki, ambalo mwaka mzima hupata jua la asubuhi, na nimelitundikia pazia la neti nyeupe.

Kupima mwanga natumia mkono. Naunyoosha shubiri moja juu ya majani: kivuli kikiwa hafifu, kingo zake hazionekani vizuri, mwanga unatosha. Kikiwa cheusi na kingo kali, naongeza neti ya pili. Halafu natazama majani yenyewe. Nayataka yawe na kijani cha embe changa. Kijani kikikolea sana, mwanga ni haba. Yakiwa manjano au kingo zikipiga wekundu, jua limezidi. Jani likiwa la moto ukiligusa, usingoje, sogeza chungu.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi migumu, bati likishachemka na hewa ikakauka. Hapo nazishusha kutoka kwenye rafu hadi sakafuni na kuziweka juu ya sinia la kokoto zenye maji, bila kitako cha chungu kugusa maji.

Baridi ya Juni na Julai, kinyume na wanavyodhani wengi, naipenda. Mama mkwe alipoona naacha dirisha wazi kidogo usiku aliniambia, "Mwanangu, ua hilo utaliua kwa baridi." Nikamjibu, "Hapana mama, ndiyo linayoisubiri." Phalaenopsis ikipata majuma kadhaa ya usiku wa nyuzi 16 hadi 18 hivi, huku mchana ukiwa na joto, hutoa kikonyo cha maua. Usiku ukishuka chini ya hapo, nafunga dirisha.

Kikonyo huchomoza kati ya jani na jani, na mgeni hudhani ni mzizi. Tazama ncha: ya mzizi ni ya mviringo na laini, ya kikonyo ni bapa kidogo, imechongoka na ina mkunjo. Ukishakiona, usikizungushe chungu tena. Kikonyo hufuata mwanga, na ukikigeuzageuza maua yatatazama huku na huko. Vichipukizi vya maua pia huanguka vikipigwa na upepo wa baridi, kwa hiyo kuanzia hapo dirisha langu hufungwa usiku hadi maua yafunguke.