Usiangalie dunia, angalia uso

Mwishoni mwa 2013, katika jumba moja la sinema Nairobi, nilikaa safu ya nyuma pamoja na mzee aliyenifundisha kupanga taa. Tulikuja kuona *Gravity* ya Alfonso Cuarón. Taa za ukumbi zilipozimwa akaniinamia: "Usiangalie dunia, kijana. Angalia uso."

Haikuwa rahisi. Shoti ya kwanza inakwenda takriban dakika 13 bila kukatwa; wanaanga wanaifanyia kazi darubini ya Hubble, na dunia ya buluu inageuka taratibu nyuma yao. Kisha vipande vya setilaiti vikafika. Darubini ikapasuliwa na hatukusikia kishindo chochote, maana pasipo na hewa sauti haina pa kupita. Kinachosikika ni kile tu kinachomfikia mwanaanga kupitia vazi lake anapogusa chuma, pamoja na pumzi na redio. Mahali pa mlipuko wameweka muziki wa Steven Price. Mikono yangu iling'ang'ania kiti.

Sandra Bullock, mwigizaji mkuu, akatupwa gizani, akizunguka. Hapo nikamtii mzee. Jua likampiga shavuni, likatoweka, mwanga wa buluu wa dunia ukampanda kidevuni, giza, jua tena. Picha nyingi za anga za juu hushindwa papo hapo: mandhari yanazunguka, mwanga wa usoni umetulia, na jicho la mtazamaji linakataa hata kama hajui sababu.

"Hawakumzungusha yeye," mzee akanong'ona. "Wamezungusha mwanga."

Ndivyo ilivyokuwa. Ukimpindua mtu kichwa chini, damu inamjaa usoni, mishipa ya shingo inatuna, na uzito unajianika. Kwa hiyo mpiga picha wa filamu, Emmanuel Lubezki, na wenzake walimweka mwigizaji ndani ya sanduku lenye vibao 196 vya taa za LED. Picha za dunia na jua zilipita kwenye vibao hivyo na kumwangaza, huku kamera ikiendeshwa na mkono wa roboti. Kwenye shoti nyingi za nje ya chombo, uso peke yake ndio uliopigwa kwa kamera; vazi, hata kioo cha kofia, vilichorwa kwa kompyuta. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba mienendo yote lazima ipangwe mapema. Mwigizaji akichelewa kidogo tu, mwanga umeshampita.

Kamba ilipokaza na George Clooney, mwanaanga mwenzake Bullock, akajiachia ili asimvute, mzee aliguna. Alikuwa na haki: mwendo ukishasimama, hakuna kinachoendelea kumvuta, mvuto mdogo tu wa kamba ungemrudisha. Chozi la Bullock linaloelea nalo lingeganda jichoni kama tone nene, lisingeelea. Lakini hakusema neno.

Mwishoni Bullock anatoka ziwani, anajaribu kusimama kwenye tope, miguu inakataa. Dakika 90 hatukuona uzito, sasa umemlemea mwili mzima. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini. Mzee alikuwa bado amevaa miwani ya 3D.