Mach, keneli niliyoikuta Wandegeya

Juma lililopita, katika karakana yangu ya kompyuta hapa Wandegeya, nilikuwa nikisoma ripoti iliyoachwa na programu ya uhasibu iliyojifunga ghafla katika Mac ya mteja, na katika mistari yake neno mach_msg likawa linajirudia. Mteja alidhani ni kirusi. Jina hilo lilizaliwa Pittsburgh, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambako Richard Rashid na wenzake walianza kuunda Mach mwaka 1985, ikiwa keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Inasimuliwa kwamba walikusudia kuiita Muck, yaani tope, ila mwenzao Mwitaliano akalitamka Mach. Nasi tunaochanganya L na R kila siku mjini Kampala hatuna haki ya kumcheka.

Keneli ya Unix, mfumo wa uendeshaji uliotumika sana vyuoni, ya wakati huo ilibeba faili, mtandao na diski kwa pamoja, hivyo kosa la sehemu moja liliweza kuangusha mashine nzima. Waundaji wa Mach walitaka keneli ibaki na kazi chache, yaani kusimamia kumbukumbu, kupanga zamu za kichakataji na kupitisha ujumbe kupitia poti, yaani milango ya ujumbe, huku kazi nyingine zikifanywa na seva, yaani programu zilizo nje yake. Mach 2.5 haikufika huko, kwani msimbo wa BSD, toleo mojawapo la Unix, ulikuwa ungali ndani ya keneli. Ulitolewa nje katika Mach 3.0.

Hapo ndipo gharama ilipoonekana. Kufungua faili, jambo ambalo awali lilimalizika programu ilipoingia keneli mara moja, sasa kulihitaji ujumbe uende kwa seva na jibu lirudi, na kila safari ikaguliwe. Aliyewahi kuzungushwa ofisi hadi ofisi akitafuta muhuri ataelewa. Wengi waliilaumu fikra yenyewe. Mimi naona walikosea, kwa kuwa katika miaka ya 1990 Mjerumani Jochen Liedtke alionyesha kwa L4, keneli yake ndogo, kwamba ujumbe unaweza kupita kwa kasi kubwa zaidi.

Avie Tevanian, mmoja wa waundaji, alihamia NeXT, kampuni iliyotumia Mach na baadaye ikanunuliwa na Apple, ambayo keneli yake, XNU, imeziweka tena Mach na BSD chini ya paa moja.

Nilimweleza mteja kwamba nyuzi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu, zilizoonyesha mach_msg, wito wa Mach wa kutuma na kupokea ujumbe, zilikuwa zikisubiri ujumbe tu. Kosa lilikuwa katika uzi mwingine, uliokuwa ukisoma faili la ankara lililoharibika.