Mama wa Sisera Dirishani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki nzima nimekwama kwenye Waamuzi 5.

Ni wimbo wa vita, na mwenye wimbo ni mwanamke, Debora. Sisera, jemadari wa jeshi la Wakanaani, aliwajia Israeli na magari ya chuma 900. Mto Kishoni ukalizoa jeshi lake, naye akafia hemani mwa Yaeli, mwanamke aliyempigilia kigingi cha hema kichwani. Tukihubiri huwa tunaishia hapo, kwenye nyundo na kigingi. Debora haishii hapo. Aya ya 28 anatupeleka nyumbani kwa adui, kwa mama mzazi wa Sisera, anachungulia dirishani akiuliza mbona gari la mwanawe linakawia. Wanawake wenye hekima wanamtuliza: wanagawana nyara tu. Naye anajijibu maneno hayo hayo. Sisi tunaosoma tunajua kijana ameshakufa.

Wapo wanaosema Debora anamkejeli. Huenda. Nyara zenyewe ni mabinti, mmoja au wawili kwa kila askari, na hilo linachoma. Lakini Debora anajiita mama katika Israeli, na kusikilizia mlio wa gari namna ile ni jambo ambalo mama analijua.

Nikamkumbuka Vera Brittain, Mwingereza aliyetunga mashairi akiwa muuguzi wa kujitolea katika Vita Kuu ya Kwanza. Krismasi ya 1915 alikuwa Brighton, anamsubiri mchumba wake, Roland Leighton, aje likizo. Tarehe 26 akaitwa kwenye simu, akakimbilia akidhani ndiye. Kumbe Roland alifariki tarehe 23 huko Ufaransa kwa jeraha la risasi. Baadaye nguo zake zikarudishwa kwa wazazi wake na tope lake, na damu, na tundu la risasi. Shairi alilomtungia linaanza na neno labda: labda siku moja jua litawaka tena.

Mwaka 1917 Vera akapelekwa Étaples, Ufaransa, wodi ya majeruhi wa Kijerumani. Mdogo wake Edward bado alikuwa vitani, na yeye anawafunga vidonda askari wa jeshi lililomuua Roland. Wodi ile nayo akaitungia shairi. Edward akauawa Italia, Juni 1918.

Mathayo 5:44, wapendeni adui zenu, nimeikariri tangu utoto. Sijawahi kuisoma nikiwa na bandeji mkononi.

Debora anamalizia kwa kuomba adui za Bwana waangamie, kisha nchi inastarehe miaka 40. Yule mama hatajwi tena. Ijumaa kwenye maombi, tukifika kwa watoto wetu walio jeshini, naomba tuwataje na mama za wale wanaopigana nao.